Mafungu Tisa: Kisa cha Filamu Moja ya Bagamoyo

Shilingi 9,000,000 ziliingia Jumatano. Kufikia Ijumaa baada ya sala, watu wanne tuliokuwa tukila sahani moja kwa miezi 14 tulikuwa hatusalimiani.

Fedha hizo zilikuwa malipo ya haki ya kurusha filamu yetu kwenye kituo kimoja cha televisheni cha nje. Ni dokumentari ya dakika 26 kuhusu mzee fundi anayeunda jahazi lake la mwisho ufukweni Bagamoyo, hatua chache kutoka soko la samaki na jengo la zamani la forodha. Tuliitengeneza bila mfadhili na bila mkataba. Tulikuwa na neno moja tu, tukiambiana kila jioni tunapokusanya vyombo: "Ikilipa tutagawana." Ilipolipa, tukagundua kwamba kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani tangu siku ya kwanza.

Mimi nilikuwa mhariri, kwa hiyo nina upande katika jambo hili, na msomaji alikumbuke hilo ninapotoa hukumu. Majina nayaacha. Nitawaita wenzangu kwa kazi zao, kwa sababu ugomvi wenyewe ulizaliwa na kazi hizo: kila mtu alikuja kwenye filamu akitokea mahali pengine, akapenda kitu kingine ndani yake, na mwishowe akaamini kwamba alichokipenda yeye ndiyo filamu.

Walikotoka

Mwongozaji ni mtoto wa mzee yule. Amekulia chini ya vyombo. Akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kuvuta uta wa keekee, baba akishikilia ncha kwenye ubao, maana msumari wa chombo haupigwi hivi hivi, hutobolewa njia kwanza ubao usipasuke. Alipokua akapewa kalafati. Ukimuuliza leo atakueleza kwa vidole vyake namna pamba inavyosokotwa, inavyochovywa mafuta, inavyoshindiliwa kati ya ubao na ubao. Aliifanya kazi hiyo mpaka akafika miaka 30. Filamu hakusomea popote. Alinunua kamera ndogo ya mtumba, akaanza kupiga mikono ya baba yake. Mikono tu. Kipande cha kwanza alichonionesha kilikuwa cha dakika 11, tezo ikichonga taruma moja, yaani ubavu wa chombo, bila kukata.

Nilimwambia hakuna mtu atakayekaa dakika 11 kutazama tezo. Akanijibu kwa upole, "Mimi nilikaa miaka ishirini." Sehemu ile imebaki kwenye filamu kwa dakika mbili na nusu, na kila ninapoitazama pamoja na watu, hapo ndipo ukumbi unaponyamaza. Mimi nilikuwa na haraka, yeye hakuwa nayo. Mafundi wa pwani huunda jahazi bila mchoro, kwa jicho, na taruma hutafutwa kwenye mti uliopinda wenyewe badala ya kupindishwa. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kumwambia baba yake arudie kitendo ili kamera ikipate vizuri. Anangoja. Hiyo ndiyo elimu yake ya filamu, na sijaona chuo kinachoifundisha.

Alikuwa na mtu mmoja aliyempenda kuliko waongozaji wote: Ousmane Sembène wa Senegal, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, mtoto wa mvuvi, akafanya kazi ya kubeba mizigo bandarini Marseille, akaandika vitabu kwanza, na alipokwenda Moscow kujifunza filamu alikuwa anaikaribia miaka 40. "Yule mtoto wa mvuvi, mimi mtoto wa anayemuundia mvuvi chombo," alikuwa akiniambia. "Hatupishani sana." Aliyasema hayo kwa moyo wake wote.

Mpiga picha wetu ni kaka wa harusi. Amepiga harusi kutoka Bagamoyo mjini hadi Mlingotini na Chalinze, na kamera, lensi, taa na kadi zote zilikuwa mali yake, zimenunuliwa kwa jasho la Jumamosi na Jumapili. Watu wa filamu wana tabia ya kumdharau mpiga harusi. Dharau hiyo inaniudhi. Bibi harusi hatoki ndani mara mbili, na baba mzazi halii mara ya pili kwa kuwa umekosa kulenga. Mpiga harusi hujifunza kusoma uso kabla ya chozi. Siku ya kushua jahazi, bamvua limejaa, watu wanavuta kamba na kuimba, macho yote yakiwa kwenye chombo, yeye peke yake aligeuza kamera upande wa pili. Mzee alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma, akitazama kazi yake ikiondoka. Hakuna aliyemwelekeza kaka afanye vile. Ungempa kazi hiyo mpiga picha mwenye vyeti, pengine angelifuata jahazi kama sisi wengine wote.

Wa tatu ni dada wa ngoma. Yeye ndiye pekee kati yetu aliyesomea sanaa, pale TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na kugeuzwa wakala wa serikali mwaka 2007. Lakini alisomea kupiga ngoma, filamu hakuigusa. Aliingia kwa sababu mtu wa sauti tuliyemtegemea alipata kazi Dar es Salaam wiki moja kabla hatujaanza. Tulikodi kinasa sauti, tukamkabidhi, tukidhani atakuwa anakishika tu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bila jambo hili filamu yetu ingekuwa moja ya filamu mia za machweo na matanga meupe.

Mpango wetu ulikuwa kuweka muziki. Tulikwisha zungumza na mpiga udi. Dada akasikiliza mazungumzo yale siku tatu, ya nne akasema, "Ngoma mnayo, hamjaisikia." Akatuvalisha vifaa vya masikioni mmoja mmoja. Keekee ikienda na kurudi, tezo ikijibu kutoka upande wa tezi, nyuma ya chombo, na chini yao nyundo ya kalafati. Mzee alikuwa amemweleza kitu ambacho mwanawe wa kumzaa, kwa kukizoea, hakuwahi kukitaja: pamba ikiwa bado haijajaa, nyundo hulia kwa sauti nzito, mshono ukijaa, sauti inakauka. Fundi anajua kwa sikio wakati wa kuacha. Dada akaanza kuamka kabla ya alfajiri, wakati wa umande, upepo wa nchi kavu ungali laini, kwa sababu kusi ikishapanda mchana maikrofoni haisikii ila upepo. Alirekodi asubuhi nyingi kuliko sisi wote. Mpiga udi tukamwomba radhi. Katika filamu nzima hakuna ala hata moja, na barua ya kituo kilichoinunua ilitaja sauti kabla ya kutaja picha.

Mimi nimetokea kwenye banda la video. Mjomba alikuwa na banda Magomeni, Bagamoyo hii hii, mabenchi ya mbao na televisheni moja, na mimi nilikuwa nakusanya viingilio mlangoni. Tulionesha filamu za nje zilizotiwa maneno ya Kiswahili na Lufufu, ambaye sauti yake ilikuwa inawakalisha watu hata filamu yenyewe ikiwa mbovu. Mlangoni pale nilijifunza jambo moja: dakika gani watu wanainuka. Ndilo ninalolijua mpaka leo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wakisikia "filamu ya kujitegemea" huona picha ya mtu mmoja na ndoto yake. Historia yenyewe inakataa. Satyajit Ray wa India alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo huko Kolkata alipoanza filamu yake ya kwanza, akipiga picha siku za mapumziko, fedha zikikatika, akaweka rehani vito vya mke wake. Habari hiyo husimuliwa kila mahali ili kumsifu Ray. Sijamsikia msimulizi akiuliza vile vito vilikuwa vya nani.

Jumatano mpaka Ijumaa

Ugomvi ulianza na bango. Mwongozaji alikuwa ameandika jina lake juu, "Filamu ya" fulani, na majina yetu chini kwa herufi ndogo. Dada alipoliona alinyamaza. Kaka wa harusi hakunyamaza. Fedha zilipoingia kwenye akaunti ya mwongozaji, kaka akatuma ujumbe kwamba diski yenye picha zote za awali iko kwake na haitatoka mpaka hesabu ifanywe mbele yake.

Mwongozaji akajibu kwamba wazo ni lake, baba ni wake, na kibali ni chake. Hilo la kibali nilifafanue. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka mtu apate kibali kabla ya kupiga filamu, na fomu yetu ilijazwa jina moja, la mwongozaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na muda wa kwenda kuipeleka. Tulipoanza kugombana karatasi ile ikageuka hati ya umiliki mikononi mwake. Kibali kinaruhusu kupiga. Hakisemi kazi ni ya nani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo inayohusu hayo, na mbele ya sheria hiyo ukurasa mmoja wenye saini nne ungetuondolea fadhaa nyingi. Sisi hatukuwa hata na mstari mmoja. Kila tulichonacho kilikuwa ni maneno ya jioni.

Kaka wa harusi alitaka nusu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kukodi kamera na taa kama zake kwa siku zote zile kungekula zaidi ya milioni nne. Mwongozaji alitaka nusu vilevile. Mimi na dada tukabaki kwenye sehemu ambayo haipo.

Ijumaa usiku tuliitwa na mzee. Tulimkuta ufukweni kwenye kibao chake, tukatoa shikamoo, tukakaa mchangani kila mmoja mbali na mwenzake. Hakuuliza nani ana haki. Aliuliza, "Chombo kikirudi, wavuvi wanagawaje?"

Kila mtu wa Bagamoyo analijua jibu. Kwanza yanatolewa mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki kinapigwa mafungu: chombo kina lake, nyavu zina lake, nahodha ana lake, baharia ana lake. Kiasi hutofautiana chombo kwa chombo, utaratibu ni huo. Mzee akasema, "Basi gaweni."

Tukagawa pale pale, kwa tochi ya simu. Gharama zilizotoka mifukoni, yaani nauli, chakula, kibali na ukodishaji wa kinasa sauti, zilifika 1,800,000, tukazirudisha kwa waliozitoa. Zikabaki 7,200,000. Kamera na taa ndiyo chombo: mafungu mawili. Kompyuta yangu ndiyo nyavu: fungu moja. Mwongozaji ndiye nahodha: mawili. Kaka, dada na mimi, mabaharia: moja moja. Jumla manane. Tulikuwa tumekwisha kuanza kupumua.

Mzee akauliza, "Na mimi katika mgao huo ni nani? Samaki?"

Nimeisikia sauti ile mara nyingi tangu usiku ule. Hakuna kati yetu, hata mwanawe, aliyekuwa amemhesabu. Miezi 14 tulimpiga akifanya kazi, akila, akiswali, akiumwa mgongo. Tulimuuliza habari za marehemu mkewe mpaka akatoka machozi, tukayatia kwenye filamu. Mwongozaji aliinamisha kichwa. Tukaongeza fungu la tisa. Kila fungu likawa 800,000.

Mgao ule ulivyokuwa

Diski ilirudi kesho yake, salamu zikarudi. Kwa hiyo mgao ulifanya kazi yake, na ninausifu kwa hilo. Ulikuwa utaratibu ambao wote tuliuelewa bila mwanasheria, na uliokubali jambo ambalo wasanii wengi huona aibu kulitamka, kwamba kifaa nacho kinakula. Kaka wa harusi alikuwa amekosa kazi za wikiendi nyingi kwa kuwa vifaa vyake vilikuwa ufukweni. Alikuwa na haki ya kudai, ingawa hakuwa na haki ya kuficha diski.

Lakini nikiutazama sasa, naona mahali ulipokosea, na palipokosewa ndipo ninapotaka wenzangu wa kazi hii watazame.

Hesabu tena. Kaka alipata 2,400,000. Mwongozaji 1,600,000. Mimi, kwa fungu la baharia na la nyavu, 1,600,000. Dada alipata 800,000, sawa na mzee. Aliyeibadilisha filamu kuliko sote alipata kidogo kuliko sote, kwa sababu hakuja na kifaa. Alikuja na sikio, na katika mgao wa wavuvi sikio halina fungu. Hata kinasa sauti kilikuwa cha kukodi, kikahesabiwa kwenye gharama. Mimi niliyaona hayo usiku ule ule, nikayanyamazia kwa sababu upande wangu ulikuwa mzuri. Ni kosa langu, na nimemwambia dada hivyo uso kwa uso.

Jambo la pili ni kwamba samaki huliwa mara moja. Filamu hurudi. Miezi saba baadaye tamasha moja la nje likaomba kuionesha kwa malipo madogo, na ugomvi ukataka kufufuka. Kaka wa harusi alikuwa amekwisha kuiuza ile kamera, lakini bado alidai mafungu mawili ya chombo. Mimi nilimwambia jahazi hupata fungu kila safari kwa sababu kila safari linaingia majini, linaliwa na chumvi, linarudi kupakwa deheni, mafuta ya kulinda mbao. Kamera yake iliingia baharini mara moja, ikatoka. Naye akanijibu, "Kaka, hiyo filamu hata ikioneshwa mara mia, kila mara ni kamera yangu inayoona." Ni jawabu zito, na silidharau. Tulikubaliana fungu la chombo lilipwe mpaka lifike kiasi ambacho kamera ingekodishwa, likifika hapo life, na mafungu mengine yaendelee. Alikubali kwa shingo upande. Safari hii tuliandika, ukurasa mmoja, saini tano pamoja na ya mzee.

Kuhusu jina, hapa wengi watanipinga. Naona mwongozaji alikuwa na haki ya kuweka jina lake juu. Yeye ndiye aliyelala na ile kazi kichwani, ndiye aliyeamua tukate nini na tuache nini, na filamu ingeharibika lawama zingekuwa zake peke yake. Pale alipokosea ni kudhani kwamba jina na fedha ni kitu kimoja, kwamba aliyeota ndiye anayemiliki usingizi wa wenzake. Tulisuluhisha kwa kadi mbili mwanzoni mwa filamu kabla ya jina la filamu lenyewe: ya kwanza mwongozaji, ya pili dada, "Sauti na mdundo". Kaka wa harusi hakutaka kadi. Alisema wateja wake hawasomi kadi, wanatazama picha.

Mwongozaji na baba yake hawakulizungumza tena lile swali la samaki, angalau si mbele yetu. Lakini nimeona kwamba sasa anapopiga mtu yeyote pale sokoni, anakaa naye kwanza bila kamera.

Dada alizichukua zile 800,000, akaongeza zake, akanunua kinasa sauti. Anatengeneza filamu yake mwenyewe, juu ya akina mama wakaanga samaki wa pale pale sokoni, wale wanaopokea samaki chombo kikifika na kukaa mbele ya karai mpaka jioni. Ameniomba nihariri. Kabla hajanionesha picha hata moja alinitolea karatasi yenye mistari ya majina na mafungu, akasema niisome vizuri kisha nitie saini. Mstari wangu ulikuwa wa tano. Wa kwanza ulikuwa wa akina mama wale, na tayari walikwisha kutia dole gumba.